Kupanda Kedarnath kwa miguu: panga safari kwa mita, si kwa kilomita

Hekalu la Kihindu la Kedarnath liko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, katika wilaya ya Rudraprayag, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Barabara ya gari inaishia Gaurikund, kwenye mita 1,982. Kuanzia hapo ni kilomita 16 za njia ya mawe, na kila kilomita inakupandisha mita 100 kwa wastani. Mtu mwenye afya ya kawaida aliyejiandaa anazimudu kilomita hizo. Kinachowalaza watu njiani, na kinachochukua maisha kila msimu, ni kupanda mita 1,600 kwa siku moja bila kuupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Pale juu kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Mombasa au Dar es Salaam.

Anayeujua mlima Kilimanjaro ataelewa upesi. Kwa njia ya Marangu, mgeni anaanzia getini karibu mita 1,900, analala Mandara kwenye mita 2,720, na ni kesho yake ndipo anafika Horombo, mita 3,720. Mahujaji wengi wa Kedarnath wanatoka kwenye kimo kama cha geti la Marangu asubuhi, na jioni wanalala karibu na kimo cha Horombo. Kisha wanashangaa kichwa kinawapasuka na chakula hakishuki.

Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya kuepuka hilo kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kedarnath ni mojawapo ya Jyotirlinga 12, yaani mahekalu makuu ya mungu Shiva, na hufunguliwa takriban miezi sita tu kwa mwaka. Tarehe ya kufungua hutangazwa siku ya sikukuu ya Maha Shivaratri katika hekalu la Omkareshwar, mji wa Ukhimath ulio chini bondeni. Huangukia mwishoni mwa Aprili au nusu ya kwanza ya Mei. Milango hufungwa siku ya Bhai Dooj, siku chache baada ya Diwali. Majira ya baridi ibada huhamia Ukhimath, na huku juu theluji hufunika kila kitu.

Mei hadi katikati ya Juni ndiyo wakati wa msongamano mkubwa. Vyumba hujaa, foleni ya hekaluni huchukua saa nyingi, na kingo za njia huwa bado na theluji. Kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi katikati ya Septemba ni msimu wa mvua kubwa. Usiende. Ardhi ya bonde la Mandakini ni laini na miteremko ni mikali, kwa hiyo mvua ya saa moja inatosha kukata barabara au kuangusha mawe njiani. Tarehe 16 na 17 Juni 2013, mvua pamoja na kupasuka kwa ziwa la Chorabari lililo juu ya hekalu vilileta mafuriko yaliyoua maelfu ya watu na kufuta kabisa kituo cha Rambara pamoja na njia ya zamani. Tarehe 31 Julai 2024 mvua iliikata tena njia sehemu kadhaa, na maelfu ya mahujaji wakalazimika kuokolewa.

Wakati bora ni katikati ya Septemba hadi wiki ya pili au ya tatu ya Oktoba. Anga husafika, milima huonekana, watu hupungua. Gharama yake ni baridi: usiku joto hushuka hadi sifuri au chini yake.

Hatua ya 2: Karatasi

Usajili ni lazima kwa kila hujaji. Hufanywa kwenye tovuti au programu ya simu ya idara ya utalii ya Uttarakhand, au kwenye madirisha ya usajili yaliyoko Haridwar na Rishikesh. Jaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa kuwa hukaguliwa Sonprayag, kituo cha mwisho kabla ya Gaurikund. Chapisha karatasi yenye msimbo wa QR nakala mbili. Usitegemee simu peke yake, kwani baridi humaliza betri na mtandao hukatika. Kwa safari ya Mei na Juni jisajili mapema, siku hujaa.

Anayetoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Bila cheti mtu anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Wa Tanzania naye akibebe, hasa kama ndege yake inapitia Nairobi au Addis Ababa. Viza ya utalii huombwa mtandaoni.

Jambo moja ambalo wapanda milima wengi wa kigeni hawalijui: ni kosa kuingia India na simu ya setilaiti au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti bila kibali, na watu wamekamatwa viwanja vya ndege kwa sababu hiyo. Kiache nyumbani.

Kwa msomaji asiye Mhindu anayetaka kuingia ndani ya hekalu, mwenye uamuzi ni kamati ya mahekalu ya Badrinath na Kedarnath. Uliza kabla ya kupanga safari.

Hatua ya 3: Daktari, kisha mazoezi

Nenda kwa daktari kabla ya kulipa tiketi, si baada ya kulipa. Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, pumu, kisukari, na wajawazito wapate ruhusa ya wazi. Wenye selimundu wasipande: hewa yenye oksijeni kidogo inaweza kuamsha maumivu makali na kuharibu viungo vya ndani, na hata aliyerithi chembe ya ugonjwa upande mmoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa, anaweza kuumia wengu akiwa juu. Kwetu Afrika Mashariki chembe hizo ni nyingi, kwa hiyo asiyejua hali yake apime.

Mwulize daktari kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo. Dozi ya kawaida ya kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huongeza mkojo na kuleta ganzi ya vidole. Hilo ni la kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiitumie bila daktari kusema.

Mazoezi yachukue wiki nane. Mkazi wa pwani hana mlima, lakini ana ngazi: panda na kushuka jengo refu dakika 40, mara tatu kwa wiki, ukiwa na begi la kilo 5 mgongoni. Siku moja ya wiki tembea mwendo mrefu, kuanzia kilomita 8 na kuongeza hadi 16. Kushuka ngazi usikupuuze. Kinachouma siku ya kurudi ni magoti na misuli ya mbele ya mapaja, na kushuka ndiko kunakoizoeza misuli hiyo.

Hatua ya 4: Zoeza mwili kimo

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu ya haraka. Mawakala huuza safari ya siku tatu au nne kutoka Haridwar. Ongeza siku mbili, uzitumie Chopta.

Siku ya kwanza ondoka Rishikesh alfajiri. Njia inapita Devprayag, Srinagar (ya Uttarakhand, si ile ya Kashmir) na Rudraprayag, kona baada ya kona. Anayetapika garini akae mbele na ameze dawa mapema. Lala Ukhimath au Guptkashi, ambako kimo ni karibu mita 1,300. Siku ya pili panda kwa gari hadi Chopta, karibu mita 2,700, ukalale huko. Siku ya tatu tembea hadi hekalu la Tungnath, takriban kilomita 4 kutoka Chopta. Tungnath iko karibu mita 3,680, yaani juu kuliko Kedarnath yenyewe, ila unakaa saa moja au mbili tu na kurudi kulala chini. Kanuni ni ile ile ya waongozaji wa Kilimanjaro: panda juu, lala chini. Siku ya nne teremka hadi Sonprayag, ulale huko. Kesho yake ndipo uanze Kedarnath.

Familia zinazofuata mpangilio wa Panch Kedar, mahekalu matano ya Shiva ya eneo hili, hupenda kuanza na Kedarnath kabla ya Tungnath. Hilo ni la kuheshimiwa. Mfuasi wa mpangilio huo alale Chopta usiku mbili, na mchana atembee vilima vya jirani bila kwenda hekaluni. Kulala kwenyewe kuna faida. Na anayefanya Char Dham yote, hija ya mahekalu manne, kwa utaratibu wa kale, Yamunotri kwanza, kisha Gangotri, halafu Kedarnath na mwisho Badrinath, atakuwa ameshapita kwenye vimo vya mita 3,000 na kitu mara mbili kabla ya kufika hapa. Utaratibu huo wa wazee unaufaa mwili vizuri sana, na ni hasara kubwa kuuvunja kwa ajili ya kuokoa siku.

Hatua ya 5: Mzigo

Begi kubwa liache hotelini Sonprayag au Guptkashi. Unalopanda nalo lisizidi kilo 6 pamoja na maji. Weka:

- nguo za ndani za joto seti moja, sweta la manyoya bandia, na jaketi nene la kuvaa ukisimama. Fulana za pamba ziache, zikilowa jasho hazikauki na hukugandisha
- koti la mvua refu linalofunika begi na magoti (mvua ya alasiri hunyesha hata mwezi mzuri)
- viatu vya mlima vilivyokwisha kuvaliwa angalau wiki tatu, soksi pea tatu, moja ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki usiifungue hadi kulala
- kofia ya sufu, glavu, miwani ya jua, mafuta ya jua
- tochi ya kichwani, betri ya akiba ya simu ilalayo nawe ndani ya blanketi
- maji lita moja na nusu na vidonge vya kusafishia
- ORS pakiti nne, parasetamoli, plasta za malengelenge, dawa zako za kila siku za siku tano
- tende, karanga, sukari guru (jaggery)
- rupia taslimu za noti ndogo, kwa kuwa huko juu kupata mashine ya pesa si jambo la kutegemea

Fimbo hupatikana Gaurikund kwa bei ndogo. Chukua hata kama unajiona imara. Utaihitaji kwenye kushuka.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Gari la binafsi haliruhusiwi kupita Sonprayag. Unapanda jipu za abiria kilomita 5 hadi Gaurikund, na foleni yake huanza usiku. Uwe foleni saa kumi alfajiri, ili saa kumi na mbili uwe unatembea. Polisi huzuia wapandaji wapya mchana, mapema zaidi mvua ikinyesha.

Kula kabla ya kuanza. Wapo mahujaji wanaopanda wakiwa wamefunga, na vituo vya afya vya njiani hupokea wengi wao wakiwa wameishiwa nguvu. Anayetaka kufunga afunge siku aliyoshuka.

Vituo ni hivi: Jungle Chatti kama kilomita 4 kutoka Gaurikund, Bhimbali kilomita 6, kisha Rambara ambako njia inavuka mto Mandakini na kuhamia ng'ambo, kisha Linchauli kama kilomita 11, na mwisho kambi ya chini ya hekalu. Hadi Bhimbali njia ni ya huruma, na hapo ndipo watu wanapojiua kwa mwendo wa kasi. Baada ya daraja la Rambara hadi Linchauli ndipo mteremko mkali kuliko wote, na ndipo pia hewa inapoanza kupungua waziwazi. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kutweta. Ukishindwa kuongea, punguza. Pumzika dakika tano hadi kumi kila saa, ukiwa umevaa jaketi, na kunywa maji vikombe viwili kila saa hata kama husikii kiu.

Vibanda vya chai, chapati za viazi na tambi viko njia nzima. Nyama na pombe havipo, wala usivibebe.

Sasa nyumbu, wale wa kubeba watu na mizigo. Njia ni yao pia, na ajali nyingi za watembeao hutokana nao. Ukisikia kengele, simama upande wa mlima, ubavu ukiegemea ukuta. Usisimame kamwe upande wa korongo, mnyama mwenye mzigo mpana anaweza kukusukuma bila hata kukuona. Mawe yenye kinyesi na mvua huteleza sana. Kanyaga mwamba mkavu.

Lala Linchauli. Kuna mahema na vyumba vya shirika la utalii la Garhwal, na kimo ni zaidi ya mita 3,000. Usiku huo mmoja ndio tofauti kati ya mtu anayesimama mbele ya hekalu akisali na mtu anayesimama mbele ya hekalu akitapika. Asubuhi zinabaki kilomita 5 hivi, na sehemu ya mwisho ni tambarare kiasi.

Kwa asiyeweza kutembea

Kuna nyumbu, kuna machela inayobebwa na wanaume wanne, na kuna kikapu kinachobebwa mgongoni na mpagazi mmoja. Lipia dirisha rasmi, upewe risiti, usipatane njiani. Mkatae mnyama anayechechemea au mwenye vidonda chini ya tandiko, na hakikisha anapewa maji na mapumziko. Nyumbu wengi wamekufa kwenye njia hii kwa kufanyishwa kazi kupita kiasi. Anayepanda mnyama hupata baridi kuliko anayetembea kwa sababu mwili hauzalishi joto, kwa hiyo avae jaketi tangu mwanzo. Nyumbu hawafiki hekaluni. Kipande cha mwisho ni cha miguu.

Helikopta huruka kutoka Guptkashi, Phata na Sirsi, na tiketi huuzwa kwenye tovuti rasmi ya IRCTC, shirika la serikali la tiketi za reli, tu. Wanaouza kwingine kwa ujumbe wa simu ni matapeli, na huwaliza watu kila mwaka. Ndege hizi hupita ndani ya bonde jembamba, na wingu likishuka huahirishwa bila mjadala. Ajali zipo: watu saba walikufa Oktoba 2022, na saba wengine Juni 2025. Lakini hatari isiyosemwa ni ile ile ya kimo. Helikopta inampandisha mtu karibu mita 2,000 au zaidi kwa dakika kama kumi. Mzee aliyepelekwa hivyo asilale juu. Afanye ibada, ale kidogo, ashuke siku hiyo hiyo. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha ujenzi wa gari la kamba kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, na shauri hili litawahusu abiria wake vilevile.

Hatua ya 7: Zijue dalili, na uamue mapema

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, usingizi unaokatika: huo ni ugonjwa wa kimo katika hatua ya mwanzo. Simama ulipo, kunywa maji, meza parasetamoli, usipande tena hadi dalili zitoweke. Zikiongezeka, shuka.

Dalili zifuatazo hazina kusubiri asubuhi. Mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, midomo inageuka rangi: maji yanajaa mapafuni. Mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anakataa kuamka: ubongo unavimba. Mwambie atembee hatua kumi kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, ashushwe mara moja, usiku au mvua, angalau mita 500 hadi 1,000, abebwe kwa machela. Vituo vya afya viko njiani vyenye oksijeni, na namba za dharura ni 108 na 112. Oksijeni na dawa hununua muda wakati mnashuka.

Vikopo vidogo vya oksijeni vinavyouzwa Gaurikund huisha kwa dakika chache. Kafuri inayonuswa huleta harufu ya kufungua pua, haiongezi oksijeni hata kidogo. Hatari yake ni kumpa mgonjwa moyo wa kuendelea kupanda.

Mgonjwa mwenyewe hatakubali kushuka. Ametoka mbali, ameweka nadhiri, hekalu analiona kwa macho. Kwa hiyo kikundi kikubaliane kabla ya kuanza, wote wakiwa na akili timamu, kwamba mmoja atakayetajwa ndiye mwenye neno la mwisho, na neno lake halibishwi.

Hatua ya 8: Hekaluni

Darshan (kumwona Mungu hekaluni) ya asubuhi huendelea hadi saa tisa alasiri, kisha milango hufungwa kwa ajili ya kumwandalia Mungu chakula, na hufunguliwa tena saa kumi na moja jioni kwa darshan ya mbali, linga (jiwe takatifu la Shiva) likiwa limepambwa, pamoja na arati, ibada ya taa. Saa hubadilika na msimu. Anayetaka kulikaribia linga, ambalo ni mwamba wa asili wenye umbo la pembetatu, aende asubuhi. Simu na kamera haviruhusiwi ndani. Sadaka ziwe kavu na chache, na plastiki urudi nayo. Hakuna wa kuichukua huko juu.

Nyuma ya hekalu kuna Bhim Shila, jiwe kubwa lililoletwa na mafuriko ya 2013 likakwama pale na kuyagawa maji pande mbili, hekalu likabaki limesimama. Waumini hulisujudia. Karibu yake ni samadhi (mahali pa kumbukumbu) ya Adi Shankaracharya, mwanafalsafa wa Kihindu. Hekalu la Bhairavnath liko mlimani, mwendo wa nusu saa hivi. Nenda kama kichwa hakiumi.

Hatua ya 9: Kushuka

Anza saa moja asubuhi. Kaza kamba za viatu juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele, fupisha hatua, fimbo itangulie. Wengi hutumia saa tano au sita. Gaurikund foleni ya jipu inaweza kuwa ya saa mbili au tatu wakati wa msongamano, kwa hiyo usipange kufika Rishikesh siku hiyo. Barabara za mlimani hazisafiriwi usiku. Lala Guptkashi. Na kati ya siku ya kufika Rishikesh na ndege yako ya kurudi, acha siku mbili wazi, kwa sababu poromoko moja kati ya Rudraprayag na Srinagar linaweza kufunga njia mchana kutwa.